Mpagazi wa Sindeni

Niliondoka Tabora kwa treni siku ya Jumanne nikiwa na sururu moja, beleshi moja, nguo za kubadilisha mara mbili na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo mama aliamini vinaweza kumvusha mtu jangwa lolote. Treni ilisimama kila mahali palipokuwa na mtu mwenye kuku wa kuuza. Morogoro nikashuka, nikapanda basi la Chalinze. Chalinze nikasubiri basi la kwenda Korogwe hadi nikawajua wauza mayai kwa majina. Tulipopita Segera, abiria wenzangu walikuwa wamenunua machungwa kiasi kwamba sikuwa na pa kuweka miguu, na kuanzia hapo hadi Korogwe nilisafiri magoti yakiwa kidevuni, nikitazama mkonge uliopangwa mistari kama wanafunzi wanaosubiri ukaguzi wa kucha. Nilishuka stendi ya Korogwe siku ya Ijumaa mchana, miguu imevimba, moyo mweupe.

Mniwie radhi nikianza na safari. Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya visima mmezoea kuniuliza habari za udongo na kamba, na hizo nitawapa. Lakini nataka mjue kwamba mchimbaji anayehamia sehemu mpya anachimba vitu viwili, na kile cha pili hakina udongo. Mimi hicho cha pili nusura kinishinde.

Kilichonipeleka ni miguu yangu. Tangu kidato cha pili ramani ya Tanzania iliyobandikwa ukutani mwa darasa letu ilikuwa ikinisumbua. Wenzangu waliitazama wakati wa mtihani, mimi niliitazama wakati wa kusinzia. Baada ya kidato cha nne nilichimba visima miaka miwili na mjomba wangu Urambo, kisha nikasikia kwa rafiki niliyesoma naye kwamba Korogwe kuna fundi anatafuta mtu wa kushuka shimoni. Mama aliposikia nitafika mpaka Handeni, alishika kiuno.

"Handeni? Huko kwa waganga?"

Nikamkumbusha kwamba hata sisi wa Tabora watu wanatuogopa kwa hilohilo.

"Ndiyo maana najua ninachosema," akajibu, akaongeza matobolwa kwenye mfuko.

Fundi mwenyewe aliitwa Mhando, Mshambaa wa Kerenge, mtu mfupi mwenye mabega ya mlango. Alinipokea stendi, akaitazama sururu yangu, akaipima mkononi. Siku ya pili alinipeleka Kerenge na kunionyesha bonde lenye migomba, mahali penye maji karibu kiasi kwamba ungeweza kuyasikia ukilala kifudifudi. Akaniambia nichimbe, yeye anakwenda kusalimia watu.

Kule kwetu nilizoea udongo unaosimama wenyewe kama ukuta. Nikachimba kwa fujo ya ujana, wima, bila kutanua mdomo wa shimo, bila mbao, nikitaka arudi anikute nimezama kichwa. Alirudi akanikuta nimezama mpaka kwapani, lakini kwa tope. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa umeteremka taratibu, ukanikumbatia. Mhando alikaa juu ya gogo, akamenya ndizi, akala yote bila haraka.

"Maganga," akasema, "wewe umechimba kisima au umejipanda?"

Alinivuta baada ya ndizi ya pili. Jioni ile mkewe alinipa bada, ugali wa muhogo, kwa mlenda, nami niliyezoea ugali wa kushika nikahangaika nao mpaka watu wa nyumba wakaacha kula wanitazame. Basi ndivyo nilivyoianza Korogwe: mchana udongo unanikalia, jioni mlenda unanikimbia.

Mhando hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi, lakini aliyonifundisha nayakumbuka mpaka leo. Asubuhi kabla ya kushuka, teremsha mshumaa uliowashwa ndani ya ndoo. Ukizimika, wewe usishuke, hata kama mwenye kisima amesimama juu anakuita mvivu. Ndoo ikipanda, bana mgongo kwenye ukuta, wala usiitazame, maana jiwe linaloanguka halijali macho yako mazuri. Na ukitaka kujua maji yako wapi, waulize wanaoyabeba. Wanaume watakuonyesha mahali wanapotaka kisima kiwe. Wanawake watakuonyesha mahali ambapo majani hayakauki.

Jingine nililojifunza kwake ni kusalimia. Mimi nilikuwa natupa shikamoo kama mtu anayelipa nauli, kisha naeleza shida yangu. Mhando angeweza kwenda kuazima nyundo akatumia nusu saa kuuliza hali ya nyumba, ya shamba, ya mgonjwa wa nyumba ya tatu, na ya mbuzi aliyezaa juzi. Nilikereka sana mpaka nilipogundua kwamba yeye hanyimwi nyundo popote, na mimi nanyimwa.

Sasa niwapeleke Sindeni.

Ukitoka Korogwe kuelekea Handeni unaliona joto kabla hujalihisi. Milima ya Usambara inabaki nyuma yako, kijani inapungua, na unaanza kukutana na ng'ombe na wenyewe waliovaa shuka, wakitafuta majani na maji. Siku hizi barabara ni lami na bodaboda inakufikisha ukiwa na nguo safi. Enzi zangu tulifika tukiwa na rangi moja na barabara.

Kikundi cha akina mama wa Sindeni ndicho kilichomwita Mhando. Walikuwa wanateka maji lambo, bwawa la kuchimbwa ambalo walichangia na ng'ombe, na kwenda na kurudi kulimaliza asubuhi nzima. Mkubwa wao alikuwa Bibi Mwanahawa, mama wa Kizigua wa miaka kama sabini, mwembamba, mwenye sauti iliyomtangulia kila alikokwenda. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu wapi.

"Tabora, bibi."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

Akawageukia wenzake. "Njooni muone. Ule mzigo wetu uliopotea zama za mababu umerudi, na mpagazi wake yuko chini yake."

Kabla sijajua la kufanya alikuwa amenipokonya beleshi, ameliweka chini na kulikalia. Akasema haliondoki mpaka nimlipe kuku wote ambao wapagazi wa Kinyamwezi waliiba walipopita Uzigua na pembe za ndovu vichwani. Kaka yake, Mzee Mbwana, aliyekuwa akitembea kwa fimbo kwa sababu ya nyonga, akaja naye akashikilia sururu.

Utani niliujua, kama kila Mtanzania anavyoujua. Nilijua Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara. Nikajibu kwamba babu zangu walipita kwao mara moja tu, na walipoona ukame wa Handeni wakaongeza mwendo, sasa hao kuku wangewaibia saa ngapi. Wakacheka, nikajiona nimeweza. Nikavikomboa beleshi na sururu kwa matobolwa. Bibi akatafuna moja, akauliza kama ni chakula au kuni. Aliendelea kuuliza hivyo mpaka mfuko ukaisha.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Maganga. Nilikuwa Mpagazi.

Lakini nyuma ya kelele zote hizo kulikuwa na jambo. Bibi Mwanahawa alikuwa amechoka shingo. Lambo alikuwa hawezi tena kwenda, na maji ya kuletewa na majirani yalimtia aibu. Mwanawe aliyekuwa na duka Korogwe mjini alikuwa amesema wazi kwamba kiangazi kile kikiisha bila kisima, anakuja kumchukua mama yake. Alikuwa ameshamtengea chumba chenye bomba nje ya dirisha. Bibi hakumlaumu. Aliniambia siku moja nikiwa nanoa sururu, bila utani wowote, kwamba nyumba ile aliijenga yeye, na udongo wa kukandikia kuta aliubeba kichwani mwenyewe.

"Huko mjini maji yapo," akasema. "Ila nitamtukana nani?"

Mashimo mawili ya kwanza yalikuwa makavu. La kwanza tulilichimba mahali wanaume wa kijiji walipopachagua, karibu na barabara, panapopendeza. Nimeshawaambia habari za wanaume. La pili lilitoa unyevu, tukashangilia, kisha likatoa vumbi. Kabla ya la tatu Mhando aliacha zana, akashinda siku mbili kwa mfugaji mmoja wa Kimasai aliyeishi upande wa bondeni, akinywa chai ya maziwa na kuzungumza habari za ng'ombe. Aliporudi alijua ni wapi, kwenye mkondo uliokauka, mifugo husimama na kupekua mchanga kwa kwato wakati wa ukame mkali. Ardhi ya pale ilikuwa ya ukoo wa mama yao Bibi Mwanahawa na kaka yake, na kwa ardhi ya upande huo msemaji ni mjomba wa ukoo, ambaye ndiye Mzee Mbwana. Tukamwendea kwa heshima zote. Akatupa ruhusa, akadai na yeye awe wa kwanza kwenye kamba.

Na kweli alikuwa wa kwanza. Akiwa na nyonga yake mbovu alikaa kwenye kiti chake kifupi kando ya kapi la kupandishia ndoo, akishika mkia wa kamba huku akina mama wakivuta, na kila ndoo ikipanda alinitukana. Udongo mweupe ukipanda alisema nimefika kwetu Tabora. Ndoo ikichelewa alisema nimelala nayo. Nami nilimjibu kutoka chini, na shimo likaipa sauti yangu ukubwa ambao sikuwa nao. Nimefanya kazi hii sehemu nyingi. Sijawahi kuchimba nikiwa nacheka kiasi kile, na nawaambia udongo ulikuwa mwepesi.

Kisha tukafika kwenye jiwe.

Jeusi, pana, limeziba shimo zima. Mtaimbo ulirukaruka juu yake. Tulipiga tindo siku nne tukapata unga wa kujaza kikombe. Mhando akasema iko njia ya wazee wake wa milimani: choma kuni juu ya jiwe mpaka liive, kisha limwagie maji mengi kwa mara moja. Litapasuka. Angalieni sasa mtihani wenyewe. Tulihitaji mapipa ya maji, kwenye kijiji kisicho na maji, ili tupate maji. Kila nyumba ingetoa ndoo mbili kutoka lambo, na hizo ndoo ni za kupikia, za kunywea wazee, za kuogeshea watoto. Bibi Mwanahawa akazunguka nyumba kwa nyumba na kuwapanga akina mama. Wakakubali. Mhando akaondoka kwenda Kerenge kuchukua nyundo nzito, akisema atarudi baada ya siku mbili tuwashe moto.

Asubuhi iliyofuata Mzee Mbwana hakuamka.

Nilipewa habari nikiwa nakunywa chai, nikakiweka kikombe chini. Mtu niliyezoea kumtukana kila siku alikuwa ameondoka bila kunijibu la jana. Nikaamua kumpa kitu pekee nilichokuwa nacho, yaani mikono yangu. Nikaenda makaburini na vijana wa kijiji, nikachimba. Kaburi lile lilikuwa na pembe zilizonyooka kuliko kisima chochote nilichochimba. Nilisawazisha kwa kiganja. Nilipomaliza nikatazama juu nikaona watu wengi wamezunguka, wananitazama, kama wanasubiri kitu. Nikadhani wanataka nitoke. Nikatoka. Nikafuta mikono, nikaikunja mbele, nikainamisha kichwa, nikasimama kando kwa adabu yote aliyonifundisha mama yangu.

Ila niliona vijana wawili wakitazamana.

Msibani nilikaa na wanaume, nikatoa pole kwa sauti ya chini, nikamwambia Bibi Mwanahawa kupitia kwa binti yake kwamba tumepoteza mtu mwema. Kesho yake nilipopita na kuwaamkia akina mama wa kikundi waliitikia vizuri, kwa upole, wakaniita Maganga. Nawaambia, jina langu mwenyewe liliniumiza. Nikauliza habari za ndoo za maji, maana Mhando alikuwa njiani. Wakasema wataona. Mmoja akasema labda shimo lile limeshafika mwisho wake.

Mhando alifika jioni na nyundo begani. Nikamsimulia kila kitu, pamoja na kaburi lilivyonyooka. Alinisikiliza, akashusha nyundo.

"Ulitoka?"

"Nilitoka."

"Ukiwa kimya?"

"Msiba, fundi. Ningefanyaje?"

Akakaa chini. Akanieleza, kwa mara ya kwanza kwa maneno marefu, kwamba utani wa mdomoni ni mazoezi tu, na siku yenyewe ya mtani ni siku ya msiba. Mtani akiwa ndani ya kaburi hatoki bure. Analala humo, anasema amepapenda, anadai kuku ndipo apishe. Anamwigiza marehemu, anavaa kofia yake, anazuia mlango, anawachokoza wafiwa mpaka wacheke, kwa sababu ndugu hawawezi kuchekeshana siku hiyo, na lazima atoke mtu wa nje wa kuwabeba. Kijiji kizima kilikuwa na Mnyamwezi mmoja tu, na Mnyamwezi huyo alikuwa ndani ya kaburi, na akapanda juu akafuta mikono kama mtumishi wa ofisi.

"Wameona umewakataa," akasema. "Umewaambia kwamba kumbe muda wote ulikuwa mgeni."

Nikamuuliza kama yamekwisha. Akasema matanga yanaanuliwa kesho, na kesho ni siku nzima.

Niliogopa kuliko siku yoyote ya kushuka shimoni. Asubuhi ya siku ya tatu, ua wa msiba ukiwa umejaa, niliingia nikichechemea kwa nyonga ya Mzee Mbwana, na mtaimbo ndiyo fimbo yangu. Sikumsalimia mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti chake kifupi ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, nikakikalia, nikaguna kama alivyokuwa akiguna. Nikadai chai, na sukari isihesabiwe. Nikawauliza wote wale wamekuja kufanya nini, maana Mbwana hajafa, amekimbia zamu ya kamba. Nikasema mimi namjua, alikuwa anashika mkia tu wa kamba akijidai anavuta. Nikainua mtaimbo, nikasema nakwenda kumchimbua sasa hivi arudi kazini, na kwa kuwa kaburi nililichimba mimi, najua mlango wake.

Nilisikia kuku anakwaruza nyuma ya jiko. Nilijua kwamba kama nimekosea, nitatembea mpaka Korogwe kwa miguu na sitarudi.

Bibi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya baraza. Akainuka polepole. Akaja mpaka mbele yangu, akanitazama kuanzia kwenye buti hadi kwenye kofia.

"Umechelewa, Mpagazi," akasema. "Siku tatu nzima nimekosa mtu wa kumtukana."

Kisha akainama kwenye jiko, akachota majivu viganja viwili, akanipaka uso mzima. Akina mama wakainuka wakanivamia, wakanivua kofia, mmoja akanipiga kwa mwiko, na Bibi akawa anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja, akisema huyu mwizi wa kuku amekalia kiti cha kaka yangu, mtoeni, mtoeni. Nikakataa kutoka mpaka nikapewa kuku. Jogoo mmoja mwekundu, mkali kama mwenyewe marehemu. Wazee waliokuwa wamekaa na tasbihi zao walitazama pembeni ili wasionekane wanatabasamu.

Kesho yake alfajiri niliamshwa na sauti za ndoo. Walikuja mstari mzima kutoka lambo, maji vichwani, wakayamimina kwenye mapipa. Mfugaji wa bondeni naye akaleta punda wawili wenye madumu. Tukachoma kuni juu ya lile jiwe mchana kutwa, tukaacha moshi wote utoke, tukateremsha mshumaa mara tatu, kisha tukamwaga kutoka juu kwa pamoja. Jiwe lililia kama bati linalopasuliwa. Mara ya kwanza lilipata ufa. Tukarudia kesho yake, nao wakarudia safari ya lambo, na safari hii likagawanyika. Nilishuka na nyundo nikatoa vipande siku nzima. Jioni mchanga wa chini ulikuwa na unyevu. Asubuhi nilipofika chini, maji yalinifika vifundoni.

Wa kwanza kuonja alikuwa Bibi Mwanahawa. Alikunywa kikombe kizima, sote tukimtazama koo.

"Yana chumvi kidogo," akasema. "Ni jasho la Mnyamwezi."

Akaomba kikombe cha pili.

Mwanawe alikuja mwisho wa kiangazi kama alivyoahidi. Mama yake alimpa maji ya kunywa, akamuuliza kama na yeye angependa kuhamia Sindeni. Kipande kimoja cha lile jiwe, ukubwa wa kichwa cha mtoto, Bibi alikichukua akawa anazuilia mlango wake usipigwe na upepo.

Niliishi kule miaka tisa, kati ya Korogwe na Handeni, nikichimba. Leo kazi ile mnaifanya kwa mashine inayotoboa kwa siku moja mahali ambapo sisi tungemaliza mwezi, na pampu inavuta maji kwa jua. Sina kinyongo nayo. Mgongo wangu ulistaafu nikiwa bado kijana, na sipendi mgongo wa mtu mwingine upite huko. Ila mashine inamaliza haraka mno. Haikupi muda wa kula bada wala wa kunywa chai kwa mfugaji. Kwa hiyo nyinyi mtenge muda huo wenyewe. Mkifika sehemu mpya, kabla ya kupima udongo, ulizeni mtani wenu ni nani, na mwenye msiba atawahitaji kwa lipi.

Mama alipoanza kuzeeka Tabora, na miguu yangu nayo ikaanza kuwasha, nikajua nimemaliza. Nilikwenda Sindeni kuaga. Nikakuta mkeka umetandikwa uani na akina mama wamejifunika kanga vichwani, wanalia kwa sauti. Nikaogopa, nikauliza nani amefariki.

"Mpagazi wetu," akasema Bibi Mwanahawa, aliyekuwa sasa anatembea kwa fimbo ya kaka yake. "Ametutoka leo."

"Bibi, mimi mzima."

"Maiti hapandishi sauti. Kaa chini."

Nikakaa. Wakagawana vitu vyangu mbele ya macho yangu. Beleshi likaenda kwa mmoja, buti kwa mwingine, redio ikagombewa mpaka ikakaribia kuvunjika. Wakasimulia nilivyokuwa mlafi na nilivyochimba mashimo mawili ya vumbi. Mmoja akaniigiza nikitoka kaburini nikifuta mikono, na nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wakanirudishia begi langu likiwa limefungwa kwa kanga ya Bibi, mafundo matatu. Bibi akaniambia nisilifungue mpaka nivuke Segera. Lilikuwa zito. Nikadhani ni unga, nikamshukuru, akageuza uso.

Mhando alinisindikiza mpaka stendi ya Korogwe. Alilinyanyua begi kuniwekea ndani ya basi, akalipima kidogo mkononi kama alivyoipima sururu yangu siku ya kwanza, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Tulishikana mikono dirishani mpaka basi likatutenganisha.

Tulipovuka Segera, katikati ya machungwa ya watu, nilifungua mafundo. Ndani hapakuwa na unga. Palikuwa na lile jiwe jeusi, lile la mlangoni.

Chalinze nikashuka kubadili basi. Mchukuzi mmoja akawahi begi langu, akalivuta, likabaki palepale. Akaniuliza nimebeba nini humo. Nikamwambia asihangaike, mzigo huu una mpagazi wake. Nikachuchumaa, nikalitupia kichwani, nikavuka barabara.